Wanawake Waliokaa Chini ya Kontere

Nyinyi vijana mnaosomea umeme siku hizi, mnaopita hapa Makebuko na mabegi yenu mazuri na simu zinazosoma mita mtu akiwa barabarani, nawasikia mnavyosimulia. Mnasema mita mpya zilipoanza kuingia majumbani, watu walizikataa kwa ushamba. Eti walidhani zinaleta maradhi, eti walidhani ndani mna pepo. Mkisha kusema hivyo mnacheka.

Mimi sicheki, kwa sababu nilikuwepo. Kofia ngumu ya kazi nimeivaa mara nyingi kuliko nilivyovaa kitenge cha sherehe, na mita hizo nilizifunga kwa mikono hii. Waliosema mambo ya pepo walikuwepo, sikatai. Mahali gani hawapo? Lakini wale waliozizuia mita hizo Gitega, na baadaye Muyinga, walijua wanachokataa, na haki ilikuwa yao. Anayebisha aje na kiti chake, tukae.

Kwanza mnijue. Naitwa Daria. Niliondoka Burundi nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, nikakulia Tanzania katika makazi ya wakimbizi. Huko ndiko nilikojifunza kufunga nyaya, kwenye karakana ya misheni ambako mabinti wengine wote walichagua cherehani. Amani ilipotulia tukarudi. Nikaingia Gitega na cheti, na Kiswahili ambacho watu walikiita cha redio, na bisibisi moja niliyoifunga kwenye kitambaa kama dawa.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Salvatori, fundi ambaye hakuwahi kutoka nchini, hata vita vilipokuwa vikali. Siku yangu ya kwanza alipanda ngazi, akanyoosha mkono chini bila kuangalia, akapiga kelele: "Turunevisi!"

Nikadhani anamwita mtu. Nikatazama huku na huku, nikamjibu kwa heshima, "Hayupo, mzee."

Alicheka hadi ngazi ikatikisika. Huku, bisibisi ni turunevisi, mita ni kontere, umeme ni kuran. Tangu hapo, mtu asipofika kazini, Salvatori alisema, "Muacheni, iko kwa Turunevisi."

Lakini alinifundisha. Kipimo kikikuambia waya umekufa, alisema, bado uuguse kwanza kwa mgongo wa mkono. Kiganja kikinaswa na umeme kinafumba na kung'ang'ania, mgongo wa mkono unaruka. Waya wa alumini ukiukaza leo, kesho umelegea. Kaza, nenda ukanywe chai, rudi ukaze tena. Nimeona nyumba zikiungua kwa sababu fundi hakurudi kutoka kwenye chai.

Jambo moja alilirudia mpaka nikalichoka. "Daria, nyumba ya zamani usiiguse kama haujajua ukoo yake."

Nilidhani ni utani wa wazee, na haukuwa utani. Umeme unahitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi. Zamani nyaya zilikuwa adimu Gitega, na ndugu wawili waliojenga nyumba zinazogusana walikuwa wanaleta kila mmoja waya wake wa kwenda, kisha wanachangia ule wa kurudi. Haukuwa wizi hata kidogo. Kila nyumba ilikuwa na kontere yake, ile ya zamani yenye kisahani kinachozunguka, na kontere ile haikujali umeme unarudi kwa njia gani. Kwa hiyo ukitaka kujua waya umepita wapi, ulikuwa unauliza nani alizaliwa na nani.

Sasa ndipo zikaja mita mpya.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ya kandarasi, na haipo tena. Ilipewa kazi ya kubadilisha kontere mtaa kwa mtaa. Hii mpya haina kisahani. Ina kioo kidogo na taa, inapeleka habari ofisini yenyewe, na ofisi inaweza kuikata bila mtu kutoka kwenye kiti. Tulipofika mtaa wa Waswahili, kama Waislamu wanavyoitwa huku, kazi ikakwama. Mchana waume wako sokoni na kwenye karakana, na wake zao hawafungulii wanaume wageni. Shefu wetu, injinia kijana mwenye adabu, akanitazama kama mtu aliyeokota ufunguo.

"Mama Daria, wewe watakufungulia."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa anashona na kudarizi kanzu nyumbani kwake kwa mashine za umeme. Nilipiga hodi. Jicho likatokea kwenye ufa, likaitazama kofia yangu.

"We iko fundi kweli, ama wamekuvalisha tu hiyo kaske?"

"Fundi kweli, Bi Zuhura. Nimesomea Tanzania."

"Kumbe ndiyo maana unasema kama taarifa ya habari. Bon, ingia."

Akanikalisha, akanipa chai yenye tangawizi na sambusa. Binti yake Mwajuma alikuwa anapiga pasi. Nilipoifungua ile mita mpya kwenye boksi, Bi Zuhura aliizungukia kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hii ya zamani mi naiangalia. Naona kisahani inazunguka, najua kuran inakwenda. Nikizima yote, inasimama. Hii yako inaangalia nani?"

"Inapima tu, Bi Zuhura."

"Na inaongea na nani?"

"Na ofisi."

"Inasema nini?"

Nikamweleza nilichoelezwa: inasema umeme kiasi gani umetumika, na mtu akichezea nyaya inatoa taarifa. Akafikiri, akatikisa kichwa.

"Mi sichezei kitu. Fanya kazi yako, bismillahi."

Nikaifunga. Ikawaka taa ya kijani, tukaagana vizuri.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho yangu. Nilisimuliwa na yeye mwenyewe, na Mwajuma akaongezea. Mwajuma alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Hamisi, na siku ya kuleta posa wajomba wa Hamisi walikuja kutoka Muyinga, wakiongozwa na Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa vitambaa. Jamvi limetandikwa, pilau imeiva, wazee wameanza maneno yao matamu. Mashine ya barafu inanguruma, feni inazunguka. Mara feni ikasimama.

Kwenye ukuta, mita ikawaka taa nyekundu.

Kabla mtu hajaelewa, wakafika wafanyakazi wawili wa kampuni yetu. Ofisi ilikuwa imeona alama na kuwatuma. Hawakupiga hodi. Walisimama mlangoni, viatu vyao juu ya jamvi, na mmoja akasema mbele ya wageni wote, "Nyumba hii inaiba kuran."

Bi Zuhura aliniambia, "Daria, mi nimezika mume, nimekimbia vita na mtoto mgongoni, nimerudi nimekuta nyumba haina mabati. Lakini kuitwa mwizi ndani ya nyumba yangu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza."

Wajomba waliweka vikombe chini. Mzee Rajabu akasema safari ya Muyinga ni ndefu. Wakaondoka, na pilau ikabaki kwenye masinia.

Nilipata habari kesho yake asubuhi nikaenda mbio, na Salvatori nyuma yangu na ngazi yake. Bi Zuhura alifungua mlango bila salamu. Tukafungua sanduku. Salvatori hakuhitaji hata kipimo, aliuliza tu, "Nyumba hii ya pembeni ni ya nani?"

"Ya shemeji yangu. Marehemu na ndugu yake walijenga pamoja."

Tukatazamana. Waya wa kurudi ulikuwa mmoja, umepenya ukutani kwenda kwa shemeji. Mita mpya inapima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ikiona haulingani, inaandika wizi; tofauti ikizidi, kama siku ile ya feni na mashine ya barafu, inakata. Mtu akiiba, kweli alama ni hiyo. Lakini ndugu wakichangia waya, alama pia ni hiyo hiyo, na mita haijui undugu.

Tulirudi kwa shefu. Nilidhani tunampelekea habari mpya. Alitusikiliza, akavua miwani, akasema taratibu, "Najua."

"Unajua nini?" nikamuuliza.

"Tuliambiwa kwenye mafunzo. Nyumba za zamani zitaleta alama. Wenye nyumba watatenganisha nyaya zao wenyewe, baadaye."

"Na wale waliokwenda kusema mwizi mbele ya wakwe, nao waliambiwa?"

Akaivaa tena miwani yake. Alikuwa anabanwa na waliokuwa juu yake. Mtaa ulitakiwa kuisha upesi. Nilimwonea huruma kidogo, lakini sikumwelewa. Mpaka leo simwelewi. Mtu asiyejua unamfundisha yanaisha. Huyu alijua, na bado akanituma mimi kugonga milango kwa uso wangu, nikanywe chai ya watu.

"Mama Daria," akasema, "wewe endelea tu na nyumba zilizobaki. Wewe wanakufungulia."

"Waliponifungulia sikujua," nikamwambia. "Sasa najua. Siendi."

Akatuma wanaume. Na hapo, wanangu, ndipo nilipoona kitu ambacho shule haifundishi.

Bi Zuhura alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba, na wanaume walipofika walikuta milango iko wazi, yote, mtaa mzima. Waliingia kwa furaha. Ndani ya kila ua, chini ya kontere ya zamani, limetandikwa jamvi, na juu ya jamvi amekaa mwanamke, mgongo ukutani, sinia la maharage mapajani, anachambua. Kontere iko juu ya kichwa chake. Ukitaka kuifikia, umruke au umshike. Nani atamshika mke wa mtu Gitega, mchana, majirani wanatazama?

"Mama, tupishe tufanye kazi," wakasema.

"Na mi niko kazini," walijibiwa. "Hamuoni maharage?"

Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana ambaye hakuwa na maharage; alikaa na sinia tupu akachambua hewa, kwa makini, na kutupa uchafu pembeni. Wanaume walitoka wakijikwaa kwa aibu. Wengine walicheka, na mmoja aliniambia baadaye kwamba alimkuta mama yake mdogo kwenye jamvi la nyumba ya tatu, akasalimia, akarudi.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Maharage yalichambuliwa mtaa ule mpaka yakang'aa.

Mwishowe shefu akaniita tena. Akaniambia wazi kwamba kazi yangu iko mashakani. Mimi ni mwanamke, nikiwashika mikono wanawake wenzangu na kuwainua hakuna lawama. Niende niwaondoe.

Nilikwenda. Nilivaa sare yote, na kofia, na mkanda wa vifaa. Sikuwa nimeamua kitu. Nikiwaambia niliamua mapema nitakuwa najisifu bure. Nilifika kwa Bi Zuhura, nikapiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa chini ya ile mita mpya yenye taa nyekundu, nyumba haina umeme, mashine zimefunikwa mashuka.

Akanitazama kutoka chini.

"Umekuja kuniinua?"

 Nikavua viatu, nikakaa kwenye jamvi kando yake, mgongo ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi. Akanisogezea nusu ya maharage, tukaanza kuchambua. Baadaye kidogo akasema, "Kawe haka umekaacha," akanitolea kijiwe kwenye rundo langu.

Shefu alifika mwenyewe. Alisimama uani, jua usoni, akaniona na kofia yangu kichwani.

"Mama Daria, unafanya nini?"

"Nachambua maharage, shefu."

"Uko kazini!"

"Niko. Nimetumwa kwenye kontere hii, na niko chini yake. Na wewe kama una muda, kuna sinia lingine."

Nilitegemea atanifukuza pale pale. Msidhani nilikuwa simba. Lakini Bi Zuhura ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti.

"Mwanangu, sisi hatukatai kontere yako. Sikia vizuri. Tunakataa kuitwa wezi na sanduku. Mtenganishe nyaya kwanza, we iko injinia. Na wale wawili warudi hapa, wavue viatu, waseme walikosea. Donc, mpaka siku hiyo, maharage iko mengi Burundi."

 Shefu akatoka, na nje nikamsikia anapiga simu, mara anaomba, mara anakasirika.

Ilichukua muda, lakini wakakubali. Salvatori aliongoza kazi ya kuvuta nyaya mpya za kurudi, nyumba kwa nyumba, kwa vifaa vya kampuni, akiuliza kila mlango ukoo wake. Wale wafanyakazi wawili, mmoja hakuja. Aliona heri ahame kazi kuliko kuja. Mwingine alikuja Ijumaa baada ya swala, watu wakiwa wengi njiani, akavua viatu, akasema alichotakiwa kusema. Bi Zuhura alimpa chai. Mimi nisingempa.

Na mimi nilihamishiwa Muyinga. Walisema ni mahitaji ya kazi. Salvatori alinisindikiza kwenye gari akasema, "Haya, sasa Turunevisi iko wewe."

Muyinga nilikuta milango imefungwa kabla sijafika. Habari za Gitega zilikuwa zimetangulia, na aliyezitangaza ni nani? Mzee Rajabu, mjomba wa Hamisi, yule yule aliyeacha pilau. Nilimkuta dukani kwake kati ya marobota ya vitambaa. Nikamweleza habari ya nyaya na ya ndugu waliojenga pamoja. Akasikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Mama, nilishaambiwa yote. Nimetuma watu kwa Bi Zuhura kuomba radhi. Unajua alijibu nini?"

Nilikuwa najua, lakini nilimwacha aseme.

"Amesema watu wanaoamini taa kuliko mwenyeji wao, hawapi mtoto."

Hivyo ndivyo Bi Zuhura alivyosema, na alikuwa anamaanisha. Aliyetengua ni Mwajuma. Alimwambia mama yake, "Mama, mi naolewa na Hamisi. Wajomba watabaki kwao." Bi Zuhura alikasirika siku nzima, akacheka usiku, akakubali. Harusi ilifanyika Gitega. Mzee Rajabu alikaa mwisho kabisa wa jamvi, alikochagua mwenyewe, na alikula pilau mpaka punje ya mwisho.

Muyinga nilifanya kazi kwa utaratibu wangu. Mlangoni nabisha hodi. Kontere ya zamani siifungui mwenye nyumba hayupo. Waya wa kurudi naupima kwanza, mwenyewe akiangalia, na namweleza mita mpya inasema nini na inamwambia nani. Ofisi ya kule ililalamika kwamba nachelewa. Niliwaambia anayetaka haraka aje na viatu vyake juu ya jamvi aone. Wengi walikubali mita wakielewa, na ilienda vizuri. Wachache walikataa wakielewa, na hao ndio nataka muwajue.

Gasorwe, huko huko Muyinga, juu ya kilima, kulikuwa na mzee anaitwa Nestori, mkulima, Mkristo, aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi. Umeme ulipita karibu na shamba lake, akavuta, akafungiwa kontere yenye kisahani. Nilipanda kwake kwa miguu na mita mpya begani. Alinikaribisha kwa viazi vitamu na maharage. Nilipima waya wake. Haukuwa na kasoro. Nilimweleza kila kitu, mazuri na mabaya, polepole, kwa Kiswahili chetu cha kule. Aliuliza maswali mazuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wa ofisini. Alielewa yote.

Kisha akasema, "Hapana, dada."

"Kuna kitu sijakieleza vizuri?"

"Umeeleza vizuri sana." Akanawa mikono, akakung'uta maji. "Kambini nilikuwa na namba. Nimepanga foleni ya mahindi kwa namba, ya dawa kwa namba. Walijua tuko wangapi ndani, tunakula nini, tunalala saa ngapi. Sikuwachukia, walikuwa wanatulisha. Lakini hapa nilipojenga, tofali moja moja, nilisema nyumba hii haitamwambia mtu habari zangu. Akitaka kujua, apande kilima aniulize, nitampa kiti. Wewe umepanda. Umekula. Basi."

Nami niliwahi kusimama kwenye foleni hizo, nikiwa mtoto, nimeshika sketi ya mama.  Nikaifunga mita mpya kwenye boksi lake, nikamsaidia kukaza waya wa alumini kwenye kontere yake ya zamani uliokuwa umelegea, tukanywa maji, nikasubiri kidogo nikaukaza tena, nikashuka.

Ofisini Muyinga mkubwa wa kazi akaliona boksi begani.

"Huyu naye? Waya zake mbovu?"

"Nzuri."

"Hakuelewa?"

"Ameelewa kukushinda wewe na mimi."

"Sasa sababu yake ni nini? Lazima awe na sababu!"

"Ana nyumba," nikasema, nikaliweka boksi mezani, nikaenda kunawa mikono.